Sikukuu za Mwezi na Pepo za Jua

Watu wa pwani yetu, tangu Banadiri hata Sofala, waliishi kwa kalenda mbili zisizolingana, wala hawakuona taabu kwa kutolingana kwake, kwa kuwa kila moja ilikuwa na kazi yake: ya kwanza ilikuwa ya mwezi, ambayo kwayo walifunga Ramadhani, wakasherehekea Idi, wakasoma Maulidi na kuhesabu eda na madeni, na ya pili ilikuwa ya jua, ambayo kwayo walilima, wakavuna, na, jambo linalotuhusu hapa, wakatweka matanga. Mwaka wa mwezi hupungukiwa na siku kama 11 ukipimwa kwa mwaka wa jua, hata Idi iliyoangukia katika kaskazi njema hujikuta, baada ya miaka 16 hivi, imo ndani ya kusi kali. Bali upepo wenyewe haujui Shawwali wala Rajabu, nao hurudi kwa wakati wake uliouzoea. Mtu aliyetaka kujua ni lini ataruhusiwa kula mchana alitazama mwandamo wa mwezi, na aliyetaka kujua ni lini bahari itamruhusu kupita aliuliza siku za Nairuzi.

Nairuzi hiyo, ambayo asili yake ni Uajemi na ambayo iliota mizizi kwetu hata ikahesabiwa kuwa ni ya wenyeji, ni mwaka wa siku 365 kamili, uliogawanywa miongo 36 ya siku kumi kumi, pamoja na siku 5 za nyongeza za kuutimiza; na katika siku yake ya kwanza, ndiyo Siku ya Mwaka, watu walikwenda kuoga baharini, wakazima moto wa zamani mekoni na kuwasha mpya, kisha wakaanza kuhesabu upya. Makunduchi, kusini mwa Unguja, sherehe hii ingaliko, hufanywa kila mwezi wa Julai, na wageni humiminika kutazama wanaume wakipigana kwa vigogo vya migomba, pasipo wengi wao kutambua kwamba wanachokitazama ni mlango wa kalenda ya wakulima na mabaharia. Kwa kuwa mwaka huo hauongezewi siku kila mwaka wa nne kama ule wa Kizungu, Nairuzi husogea siku moja kwa kila miaka minne, hivyo mwenye kuitegemea alipaswa kuisahihisha kwa kutazama Kilimia na nyota nyinginezo, la sivyo katika miaka 60 hesabu yake ingaliachana na hali ya hewa kwa muda wa nusu mwezi; na nusu mwezi, kwa mwenye tanga, ni tofauti ya kufika na kutofika.

Pepo zitawalazo ni mbili. Kaskazi huingia kuelekea mwisho wa mwaka wa Kizungu, ikapata nguvu Disemba na Januari, ikafifia Machi. Kusi huja Aprili pamoja na masika, ikawa kali Juni na Julai, kisha ikalegea katika demani, Agosti na Septemba, wakati ambao wengi wa zamani waliupendelea kwa safari za kuelekea kaskazini. Kati ya hizi mbili yako malelezi, ambayo wengine huyaita tangambili, siku ambazo upepo hauna mwenyewe: asubuhi hutoka huku, adhuhuri hukatika kabisa, na jioni huja na wingu jeusi. Ahmad ibn Majid, mwalimu mkuu wa ilimu ya bahari aliyetoka Julfar, katika nchi iitwayo leo Ras al-Khaimah, alizitaja nyakati za kutweka kwa siku za Nairuzi hiyo hiyo, bandari kwa bandari, katika kitabu chake cha Fawaid alichokiandika mwishoni mwa karne ya 15, na akaeleza kwamba iko sehemu kama robo ya mwaka ambayo bahari ya kwenda India huwa imefungwa. Hapakuwa na mnyororo uliotandazwa bandarini, wala askari wa kuzuia. Bahari ilifungwa na maafikiano ya watu waliokuwa na maarifa, na aliyeyavunja hakulaumiwa na mtu, kwa sababu aghalabu hakurudi kulaumiwa.

Ushahidi wa thamani ya maarifa haya ulitolewa, bila ya kukusudia, na mgeni. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiongozwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo, na kusi changa ikamvusha bahari kuu hata akaiona pwani ya India kwa muda wa siku 23. (Ilisemwa zamani kwamba rubani huyo alikuwa Ibn Majid mwenyewe, na kauli hiyo ingali ikirudiwa barazani, lakini wanachuoni wa leo hawaikubali, na wengi huona kuwa alikuwa mtu wa Gujarati.) Wakati wa kurudi, Mreno yule hakungoja kaskazi isimame, alikata shauri lake mwenyewe, akaondoka mwanzoni mwa Oktoba, na njia ile ile iliyomchukua siku 23 ikamla muda wa miezi mitatu kasoro siku chache, kwa pepo zilizokatika na pepo za mbisho, huku kiseyeye kikiwaua mabaharia wake kwa makumi. Alipofika Malindi Januari 1499 hakubaki na watu wa kutosha kuendesha merikebu zake tatu, naye akalazimika kuichoma moto mojawapo, iitwayo São Rafael, karibu na Tanga. Ujasiri ule ule, mabaharia wale wale, na bahari ile ile. Kilichobadilika ni tarehe.

Nasi wenyewe tumepata kukumbushwa kwamba malelezi si wakati wa kudharauliwa. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, Sayyid Barghash akiwa katika miaka ya mwanzo ya utawala wake, kikaangusha mikarafuu kwa maelfu na kuvunjavunja vyombo vilivyokuwa bandarini, zikiwamo merikebu za Sultani. Na mwezi huo huo wa Aprili, mwaka 1952, kingine kiliishukia Lindi. Mambo hayo ni nadra katika pwani yetu, na mtu anaweza kuishi umri mrefu asiyaone, lakini wazee hawakuhitaji kimbunga ili waiheshimu Aprili. Iliwatosha ile mvua ya ghafula inayoficha nchi kavu kwa muda wa saa nzima, na upepo unaogeuka wakati tanga limekwisha kufungwa upande mwingine.

Siku ikisha kuchaguliwa, kazi ya pili ilikuwa ni ya chombo. Chombo kilipandishwa ufukoni wakati wa bamvua, maji yalipojaa sana, ili maji yakipwa kibaki kimelala pakavu. Mafundi wakazipekua mbao zake moja moja, wakakikalafati kwa pamba iliyochovywa mafuta, chini wakakipaka deheni na juu wakakipaka sifa, ambayo harufu yake kila aliyepata kusafiri kwa jahazi aijua na hataisahau. Farumi ilipangwa chini, mawe au mchanga, kwa kadiri ya shehena itakayopakiwa. Upo wa kutekea maji ya ngama uliwekwa mahali ambapo mkono utaupata gizani. Kamba za tanga, foromali na shikio la usukani zilitazamwa na sarahangi, na sarahangi akatazamwa na nahodha. Abiria naye alikuwa na wajibu wake, ambao haukuandikwa popote: kukaa chini, kukaa alipowekwa, kuhamia upande wa goshini akiambiwa ahamie, na kunyamaza. Fatiha ikasomwa, nanga ikang'olewa, na tangu hapo palikuwa na neno moja tu katika chombo, nalo ni la nahodha.

Lakini si haki kuwasifu wazee kana kwamba hawakuwa na tamaa. Tamaa ya nauli ni ya kale kama nauli yenyewe, na wenye ilimu waliijua tangu zamani sana. Al-Mawardi, kadhi na mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ndiyo madhehebu ya pwani yetu, ambaye alifariki Baghdad mwaka 1058, katika kitabu chake cha Al-Ahkam as-Sultaniyya ameeleza kazi za muhtasib, yule mtumishi wa serikali aliyesimamia masoko na mwenendo wa watu; na miongoni mwa kazi hizo amehesabu kuwazuia wenye vyombo wasipakie zaidi ya kile ambacho chombo chaweza kuchukua hata ikahofiwa kuzama, na kuwazuia wasisafiri upepo unapokuwa mkali. Mambo mawili, mzigo na siku, yamewekwa pamoja katika hukumu moja. Uingereza, pamoja na merikebu zake zote, ilingoja mpaka mwaka 1876, baada ya Samuel Plimsoll kupiga kelele Bungeni kwa miaka, ndipo ikaamrisha kila merikebu ichorwe alama ubavuni kuonyesha kikomo cha kupakia. Na hata hapo sheria ilimwachia mwenye merikebu aichore alama yake popote apendapo, jambo ambalo halikurekebishwa ila kwa sheria ya mwaka 1890. Na alama ile ilitazama mzigo tu. Siku ya kusafiri haikuigusa.

Mtu aliyetuachia picha iliyo kamili zaidi ya safari za musimu katika siku zake za mwisho ni Alan Villiers, baharia wa Australia, aliyepanda jahazi la Kuwait mwaka 1938 huko Aden, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, akateremka naye kwa kaskazi mpaka Mogadishu, Lamu, Mombasa na Unguja, akaingia naye katika delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, kisha akarudi naye kwa kusi mpaka Kuwait mwaka 1939. Na habari zake akazitia katika kitabu kilichotoka mwaka 1940. Humo hatuoni watakatifu. Abiria wa Hadhramaut walijazwa juu ya sitaha wakabanana mchana na usiku, na al-Mawardi angekuwa na la kusema. Lakini tunaona pia nahodha ambaye aliijua pwani kwa macho, mwamba kwa mwamba, ambaye hakuondoka bandarini kwa kuwa abiria wamechoka kungoja, wala hakubaki kwa kuwa wameomba abaki, na ambaye mabaharia wake walilishusha foromali lile zito kwa neno lake kabla hawajaliona wingu alilokuwa ameliona yeye.

Nahodha huyu alikuwa na mwisho ambao ni vigumu kuusoma bila kutikisa kichwa. Baada ya mafuta kugunduliwa Kuwait biashara ya matanga ikafa, naye akakaa nchi kavu. Na mwezi wa Februari 1979, akiwa mzee wa miaka kama 70, alitoka na rafiki zake kwenda kuvua samaki kwa matembezi, si mbali na pwani ya kwao, dhoruba ikawashukia, na bahari ikamchukua. Mtu aliyeivuka bahari ya Hindi kwa tanga, kwenda na kurudi, mwaka baada ya mwaka, alipotea katika safari ya kujiburudisha. Sitaki kulitia jambo hili maana zaidi ya ile lililo nayo, kwa maana dhoruba haimchagui mtu; ila naona kwamba safari ya matembezi, kwa kuwa ni fupi na ni ya furaha, haipewi ile heshima ambayo safari ya miezi mitatu ilipewa hata na waliokuwa wazembe.

Na matembezi ya majini ni desturi changa kuliko watu wanavyodhani. Zamani watu walipanda chombo kwa haja: biashara, kuzuru ndugu, harusi, hija, ziara ya kaburi la walii. Kwenda kisiwani kwa ajili ya kula wali huko na kurudi kulishika pamoja na maisha ya ofisi, yaliyoleta mshahara wa mwezi na siku za mapumziko zilizopangwa na serikali, hata kisiwa cha Changuu mbele ya mji wa Unguja, ambacho mwishoni mwa karne ya 19 kilikuwa mahali pa karantini, kikawa mahali pa kuwatazama kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli. Injini nayo ikaja kuungana na mashua, na kwa injini watu wakaona kwamba hapana tena upepo wa mbisho, na kwa hiyo hapana tena haja ya kuuliza Nairuzi. Hapo ndipo kalenda ya tatu, ile ya ofisi, ilipozimeza zile mbili za kwanza: siku ya safari sasa huchaguliwa na bosi, na nahodha hupewa taarifa.

Matunda ya mageuzi haya tumeyaona. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 10 Septemba 2011, siku chache tu baada ya Idi, meli ya Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba; ruhusa yake ilikuwa ni kuchukua abiria 600 na ushei, na uchunguzi wa serikali ulibainisha kwamba waliokuwamo walizidi 2,000. Haikuwa safari ya matembezi. Ilikuwa ni watu wanaorudi kwao pamoja na mizigo yao, lakini wingi ule ulisukumwa na sikukuu. Na Jumamosi tarehe 24 Novemba 2018, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, karibu na Mutima, wilaya ya Mukono, mashua iitwayo MV Templar ilipinduka ikiwa imebeba kikundi cha watu waliokwenda kustarehe kwa muziki na vinywaji mwisho wa juma. Zaidi ya 30 walikufa, na polisi walisema kwamba mashua ile haikuwa na leseni na ilikuwa imepakia kupita kiasi chake. Ziwa lile halina kaskazi wala kusi kama tuzijuavyo sisi, wala hapana Nairuzi yake. Lakini lina tufani za ghafula ambazo wavuvi wake wanazijua, na ambazo mwenye kupanga karamu hakutumwa kuziuliza.

Liko jambo moja ambalo sijaona likisemwa vya kutosha, nalo ni kwamba sikukuu zetu kubwa, kwa kuwa zinafuata mwezi, zinafuata pia maji. Idi ya kufungua huja na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huleta bamvua. Basi kila mwaka, bila ya kukosa, siku za Idi hiyo ni siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na mikondo katika milango ya visiwa hukimbia kwa nguvu kuliko siku nyingi za mwezi. Maulidi huangukia tarehe 12, mwezi ukielekea kupevuka. Pasaka ya Wakristo nayo, ambayo huwekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, haipiti siku 7 tangu mwezi huo, na zaidi ya hayo huanguka daima baina ya mwisho wa Machi na mwisho wa Aprili, yaani katika malelezi yenyewe, kaskazi imekwisha kufa na kusi haijasimama, na masika yanabisha hodi. Mtu angeambiwa achague katika mwaka mzima siku tatu mfululizo za kuwapeleka watu 20 wasiojua bahari katika mashua ya kukodi, mzee wa miongo asingemtajia Pasaka. Lakini ndizo siku ambazo ofisi imefungwa.

Basi hao watu 20 hukutana, wakachanga fedha, wakagawana kazi za kununua mchele, kuku na maji ya kunywa, na mmoja akatumwa kuzungumza na mwenye mashua juu ya bei. Majaketi ya kuokolea huulizwa siku hizi, nalo ni jambo jema ambalo wazee hawakulipata, ingawa nimeyaona mara nyingi yamefungwa pamoja kwa kamba chini ya mifuko ya chakula. Hali ya hewa nayo hutangazwa redioni na mamlaka yenye ilimu kuliko nahodha yeyote wa zamani. Linalokosekana ni lile neno moja. Katika kikundi cha marafiki kila mtu ni sawa na mwenzake, na wingu likionekana upande wa matlai shauri hupigiwa kura, na mwoga huona haya. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, husemwa kwa mzaha hata katika mashua inayokwenda mrama. Wengi wape ni kanuni ya barazani, na barazani sakafu haisogei.

Na nahodha wa mashua ya kukodi, ambaye ndiye angelisema neno hilo, ni mtu aliyefungwa ulimi na fedha. Imamu Malik, ijapokuwa si imamu wa pwani yetu, aliona kwamba nauli ya chombo haiwajibiki ila kwa kufika, hata kikizama njiani mwenye chombo hana cha kudai. Hukumu hiyo ilimfanya mwenye chombo awe wa kwanza kuiogopa siku mbaya, maana hasara ilikuwa yake. Kwetu leo kikundi hulipa wiki nyingi mbele, mwenye mashua akaitumia fedha hiyo kabla ya siku kufika, na nahodha, ambaye mara nyingi mashua si yake, anapoamka alfajiri na kuona bahari imebadilika rangi, anajua kwamba akisema leo hatuendi kuna watu 20 watakaodai fedha ambazo hazipo tena na tajiri mmoja atakayemtafuta nahodha mwingine. Lau mkataba wa kukodi ungesema waziwazi kwamba safari ikiahirishwa kwa neno la nahodha tarehe husogezwa na hapana upande unaopoteza senti, naye akalipwa ujira wa siku hiyo kwa kukataa kama ambavyo angelipwa kwa kwenda, angeweza kuwaambia wageni wake "kesho" bila ya kwanza kumtazama tajiri wake usoni.